Samaki Ndani ya Mkoba wa Mama

Baba yangu ni mpekuzi. Sisemi hivyo kwa kumtukana, ingawa zipo siku nimemwambia hivyo hivyo kwa kumtukana. Ndiyo kazi yake. Anasimama kwenye lango la kiwanda cha sabuni, upande wa kutokea, na kila anayemaliza zamu hupita mbele yake, anainua mikono, anapapaswa kwapani, kiunoni na miguuni, anafungua mkoba, kisha baba anasema, "Safi. Pita." Kwa miaka ishirini na miwili amekuwa akisema maneno hayo mawili. Wafanyakazi wanamwita Mzee Mifuko, naye anajua, na nadhani jina lenyewe analipenda.

Amekamata vipande vya sabuni ndani ya soksi, ndani ya chupa ya chai, ndani ya mkate uliotobolewa katikati na kuzibwa kwa ganda lake lenyewe. Anadai hahitaji hata kupapasa, kiwiko kinamtosha. Aliyeficha kitu, anasema, mkono mmoja unabembea na mwingine umeganda, kwa sababu anaogopa kukigusa alichokificha. Nilipokuwa darasa la pili nilipita mbele yake na peremende mfukoni, nikibembeza mikono yote miwili kama askari wa gwaride ili nimzidi akili. Hakuinua hata macho kwenye gazeti. "Toa," akasema.

Na ana kanuni moja aliyoipata langoni, ambayo tumeisikia nyumbani mpaka masikio yamechoka: hakuna mtu anayeficha takataka. Ukimkuta mtu ameficha kitu, basi kitu hicho anakitamani. Kanuni hiyo haijawahi kumwangusha kiwandani. Nyumbani kwetu nusura imuue mama.

Mama ni mwalimu wa chekechea. Miaka mingi alifundisha akiwa kwenye kiti, kwa sababu akikaa sakafuni na watoto walihitajika walimu wawili kumwinua, na watoto walishaanza kuufanya huo kuwa mchezo wao, wanahesabu moja, mbili, tatu, hooop! Alikuwa na kilo mia moja thelathini na nne. Magoti yalimsumbua, sukari ilipanda na kushuka inavyotaka yenyewe, na alikuwa na hofu moja ambayo hakuitaja ila sisi sote tuliijua. Bibi, mama yake mzazi, alifariki kwa sukari akiwa na miaka hamsini na mmoja. Mama alikuwa amebakiza miezi miwili atimize hamsini alipokubali kufanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa tumbo.

Siku ya kumtoa wodini daktari alituita sote watatu. Akatueleza kwamba mfuko wa tumbo wa mama sasa umebaki mwembamba, saizi ya ndizi moja, na umeshonwa ubavuni kutoka juu hadi chini. Wiki mbili za mwanzo ni vinywaji tu, tena kwa kuonja. Baadaye vyakula vilivyosagwa, kisha vilaini, mpaka mwili uzoee. Akila kigumu kabla ya wakati wake, au akijaza kupita kiasi, mshono unaweza kuvuja, na ukivuja mtu anakufa.

"Upasuaji ni nusu ya kazi," akasema. "Nusu nyingine iko nyumbani kwenu. Mwangalieni."

Alikuwa anatutazama sote, lakini nilimwona baba akinyoosha mgongo na kuvuta shati. Mzee alikuwa amekabidhiwa lango.

Nisimwonee. Mwezi wa kwanza, bila yeye, mama asingefika popote. Aliomba likizo. Alichemsha supu, akaichuja kwa kitambaa mara mbili, akaipooza, akamnywesha kwa kijiko cha chai huku akiangalia saa. Alimshika mkono wakatembea kutoka chumbani hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi barabarani, kila siku hatua kidogo zaidi. Masharti yote ya daktari aliyaandika kwa herufi kubwa nyuma ya kipande cha katoni ya sabuni, akakibandika kwenye friji. Protini kwanza. Usinywe maji pamoja na chakula, ngoja nusu saa. Tafuna mpaka kilainike. Ukisikia kwikwi, acha. Vitamini kila siku, maisha yote. Mimi nilimpenda sana baba mwezi ule, na nilimwambia.

Tatizo ni kwamba hakujua kushuka zamu.

Wiki ya sita mama alirudi kazini, na baba naye akarudi langoni kwake, ila kifungua kinywa na chakula cha jioni viliendelea kuliwa mbele ya mlinzi. Mama ameketi na kisosi chake: yai moja, au kipande cha samaki, au maharage yaliyopondwa. Baba amesimama upande wa pili wa meza, mikono nyuma, saa mkononi. "Tafuna. Bado. Bado. Haya, meza." Sukari ilifungiwa kabatini, na ufunguo ukaning'inia shingoni pamoja na filimbi ya kazini. Soda zilitolewa nyumbani, na nikawa naulizwa mimi, mtu mzima mwenye saluni yangu, kama mkobani nimebeba kitu cha kumpa mama.

"Mimi sifanyi kazi kwenye sabuni, baba."

"Fungua tu."

Nikafungua. Akatazama vitana, vibanio, chupa ya mafuta ya nywele, akainusa ile chupa. "Pita," akasema, bila ile "safi".

Jumamosi ilikuwa siku ya mizani. Mama alisimama juu yake kwa kanga tu, baba amechuchumaa anasoma namba. Zikipungua kilo mbili au tatu alipiga makofi, anamkumbatia, anamwita mchumba, siku nzima nyumba inang'aa. Ikipungua nusu kilo, anasema, "Wiki hii kuna kitu kimeingia, mama. Niambie tu, sitakasirika." Mara moja kilo hazikupungua kabisa. Aliibeba mizani hadi kiwandani akaipima kwa katoni ya sabuni ya kilo ishirini, kuhakikisha kwamba mwongo si mizani. Mizani ilikuwa sahihi. Aliporudi nayo kwapani, mama alimtazama usoni muda mrefu, kisha akainuka akaenda kuoga.

Baada ya hapo kilo zilianza kuporomoka. Tatu, tatu na nusu, nne. Baba alipiga makofi mpaka mikono ikawa myekundu.

Pembeni ya saluni yangu kuna banda la fundi matairi, mwanaume mpole ambaye redio yake haizimwi. Ana mbwa anaitwa Bosi. Bosi nilimjua akiwa mbavu tupu, mbwa wa kulala kwenye kivuli cha tairi la lori akisubiri huruma. Sasa akawa ananawiri. Manyoya yaking'aa, shingo ikijaa, akitembea kwa madaha kama mwenye nyumba. Baba, ambaye hupita pale kila siku akienda kazini, aliligundua kabla ya mtu yeyote.

"Mtu anaziba pancha," akaniambia, "anapata wapi nyama ya kunenepesha mbwa? Yule ana njia yake. Siku moja utasikia."

Nikacheka. Nilikuwa na shaka zangu mwenyewe za kushughulikia wakati ule, kwa sababu damu ni damu.

Nywele za mama huwa nazishughulikia mimi, kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla wateja hawajaingia. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji kitana changu kilianza kutoka na nywele. Kidogo kwanza, zile za kawaida. Baadaye zikawa za kujaa kiganjani. Nilizitoa kwenye meno ya kitana nikazifinyanga donge na kulisukuma chini ya taulo asilione, naye aliniona kwenye kioo, na wote wawili tukaendelea kuongea habari za watoto wa chekechea. Nikajiambia ni dawa ya kulainisha nywele. Nilikuwa nimebadilisha aina. Nikamfuata mwanamke anayeniuzia, nikamgombeza mbele ya wateja wake kwamba ananiuzia dawa iliyopitwa na wakati. Mwanamke yule aliapa, akanionyesha tarehe kwenye kopo, na tarehe ilikuwa ya mwaka ule ule. Sikumwamini. Nikatupa makopo manne mazima.

Basi ndivyo tulivyokuwa: baba anamshuku mama, ananishuku mimi, anamshuku fundi matairi na mizani. Mimi namshuku muuza dawa. Na mama anapungua mbele ya macho yetu sote.

Siku ya mkoba ilikuwa Jumatano asubuhi. Mama alikuwa amemaliza kisosi chake, samaki, akiwa amemwomba baba amletee vidonge vyake vya vitamini kutoka chumbani katikati ya kula, kama alivyozoea. Akavaa viatu, akachukua mkoba, akaelekea mlangoni. Mimi nilikuwa napiga pasi. Baba alikuwa anafunga vifungo vya sare. Mikono yake ikasimama kwenye kifungo cha tatu.

"Mama," akasema. "Rudi kidogo."

Mama akageuka. Nikaona na mimi, maana nilifundishwa tangu utotoni pa kutazama. Mkono wa kulia ulikuwa umening'inia kama kawaida. Wa kushoto, wenye mkoba, umekazwa, kiwiko kiko mbali na mbavu.

"Fungua mkoba."

"Nachelewa, mzee."

"Fungua."

"Baba, usifanye hivyo," nikasema. "Huyu ni mkeo, si mfanyakazi wa kiwandani." Hakunisikia hata kidogo. Alikuwa ameshapeleka mkono, na mama akauachia mkoba kama mtu anayeachia kitu cha moto. Baba akatoa daftari la mahudhurio, kalamu za rangi, leso. Chini kabisa kulikuwa na mfuko wa nailoni umefungwa fundo, na ndani yake kipande cha samaki na nusu ya yai la jana.

Harufu ilijaa mlango mzima. Baba aliushika ule mfuko juu. Sauti ilipotoka haikuwa ya hasira. Ilikuwa ya mtu anayeogopa.

"Unakula kwa siri. Unajaza hapa, kisha unaenda kujaza tena huko nje. Unataka mshono ufumuke? Unataka nikuzike kwenye umri wa mama yako?"

Mama alitazama mfuko, akanitazama mimi, akatazama chini.

"Ndiyo," akasema. "Nakula. Nimekosa. Nisamehe, sitarudia."

Akachukua mkoba wake akaondoka, mikono yote ikibembea.

Baba alikaa kwenye kiti akashusha pumzi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Kiwandani mtu akishakiri, anaandikiwa na kazi inaendelea. Mimi niliisahau pasi ikaunguza ukosi wa blauzi. Kukiri huko hakukunikalia vizuri hata kidogo. Mama yangu hajawahi kukubali kosa kwa urahisi namna ile. Ni mtu anayeweza kubishana na mvua. Akivunja kikombe, atakueleza kwamba kikombe kilishakuwa na ufa, kwamba meza imeinama, na kwamba wewe ndiye uliyekiweka pabaya. Sasa amekiri kabla hata hajaulizwa swali la pili?

"Baba, mtu anayekula mara mbili anapungua kilo nne kwa wiki?"

"Mshono umeshaanza kuharibika," akasema. "Ndiyo maana. Jumatatu nampeleka kwa daktari."

Jumatatu hatukuifikia. Ijumaa asubuhi nilikuwa nafungua saluni, sijamaliza hata kupandisha mlango, nikasikia redio ya jirani imezimwa. Fundi matairi akaja mbio, mikono myeusi kwa grisi, hajui pa kuiweka.

"Dada, njoo. Mama yako ameanguka kwangu."

Alikuwa amelala ubavu katikati ya matairi, midomo mikavu, macho wazi lakini hayanioni vizuri. Mkoba uko wazi pembeni. Bosi amesimama karibu naye, mdomoni ana mfuko wa nailoni, anautafuna bila wasiwasi wowote.

Nilipiga kelele nikidhani mbwa amemvamia. Fundi akanishika bega.

"Hapana, dada, mama huwa anampa. Kila asubuhi akipita kwenda shule anasimama hapa, anampa samaki, mayai, maharage. Miezi miwili sasa. Mimi nilijua ni mabaki ya nyumbani kwenu, nikamshukuru, nikanyamaza." Akamtazama Bosi, kisha mama, na nikaona na yeye anaelewa. "Hayakuwa mabaki?"

Nilikuwa nimemwinua mama, na kitu kilichonitisha kuliko kuanguka kwenyewe ni kwamba niliweza. Mimi peke yangu, bila moja, mbili, tatu. Pale nilipompakata kichwa, nywele zilibaki kwenye mkono wa gauni langu.

Hospitali walimtundikia dripu kwanza, wakamchoma sindano za vitamini. Baba alifika na sare yake na filimbi yake. Nilimweleza yote pale pale ukumbini, tena bila kupunguza sauti: samaki, yai, mbwa. Alinisikiliza akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua.

"Lakini alificha," akasema. "Kwa nini afiche kitu asichokitaka?"

"Kamuulize."

Mtaalamu wa lishe alikuwa dada mfupi mwenye miwani mikubwa, na hakuwa na muda wa kutubembeleza. Alivuta kiti kando ya kitanda akatuambia kwamba mama ameishiwa maji, damu yake iko chini, na misuli imeanza kuliwa na mwili wenyewe kwa kukosa protini. Nywele kunyonyoka kidogo ni kawaida kwa waliofanyiwa upasuaji huu, zinarudi. Kunyonyoka namna hii siyo kawaida. "Kupungua haraka si kupona," akasema. "Nani alikuwa anafuatilia uzito?"

Baba akainua mkono, kama mtoto wa shule.

"Na ulaji je?"

"Mimi pia."

"Aliwahi kutapika? Chakula kukwama?"

"Hapana," akasema baba.

"Ndiyo," akasema mama.

Ilikuwa mara ya kwanza anafungua mdomo tangu asubuhi. Akasimulia akitazama dari. Wiki ya saba, jioni, alikuwa anakula kuku. Baba alikuwa amesimama, anahesabu. Kipande kimoja hakikutafunika vizuri, lakini baba alishasema "meza", akameza. Kikakwama kifuani. Akaenda bafuni akafungua bomba la maji ili tusisikie, akashika sinki kwa nusu saa nzima, akiamini mshono umepasuka, akiamini ndiyo siku yake. Kilipotoka, akaosha uso, akarudi mezani. Tangu siku hiyo kila kijiko kikimkaribia mdomo, koo linafunga.

"Si ungesema, mama!" nikalia.

"Ningesema kwa nani? Angeongeza kusimama." Akageuza kichwa kwa baba. "Nilikuwa nakula kama mwizi, mzee. Unanitazama mdomo, unanitazama koo. Jumamosi ikifika, nikiwa nimepungua, mimi ni mchumba. Nisipopungua, nimeiba. Nikaona njia moja tu ya kukuonyesha kwamba sijachukua kitu. Watu wako langoni wanafanya nini? Wanageuza mifuko nje, unaona iko mitupu. Na mimi nikageuza ya kwangu."

"Na siku ile ulikiri," akasema baba. "Ulisema unakula."

"Ulikuwa umeshaamua. Na afadhali unijue mlafi kuliko kujua kwamba siwezi."

Baba alivua kofia. Alitazama ndani yake kwa muda, kisha akalia, waziwazi, mbele ya mtaalamu wa lishe na wagonjwa wawili wa vitanda vya jirani. Nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba nilitaka alie zaidi. Mtaalamu alisubiri, akasafisha miwani, kisha akaendelea na kazi yake: kuanza upya na vilaini, vijiko viwili vitatu kila baada ya saa chache. Mtindi, yai laini, maharage yaliyopondwa. Chakula kikikwama tena au kutapika kukirudia, siku hiyo hiyo simu. Mizani iondoke nyumbani, atapimwa kliniki. "Na mtu asisimame juu yake," akasema, bila kumtaja mtu.

Siku ya kwanza nyumbani nilipika yai laini nikaliweka kwenye kisosi. Mama akaketi. Baba akabaki mlangoni mwa jikoni, hajui miguu yake aipeleke wapi.

"Nitoke?" akauliza.

"Nikibaki peke yangu naogopa," akasema mama. "Kaa. Ila geuka."

Baba akachukua kiti, akakiweka pale pale mezani, akakaa akiwa ameupa uso ukuta. Mtu ambaye kwa miaka ishirini na miwili hajawahi kuligeuzia lango mgongo. Nilitazama shingo yake. Kila kijiko kilipogusa kisosi, misuli ya shingo ilikaza, na sikio moja lilikuwa linafanya kazi ya macho mawili, lakini hakugeuka. Mama alichukua dakika ishirini na tano kula nusu ya yai lile. Katikati alisimama, akaweka kijiko chini, akafumba macho, nami nikaanza kuinuka. Akanionyesha kiganja, nikakaa. Akapumua, akashika kijiko tena.

Alipomaliza alimgusa baba begani kwa kidole kimoja. "Geuka sasa. Kumekucha."

Tulikula hivyo kwa miezi. Baba alipata kuujua ule ukuta vizuri. Alituonyesha nyufa ambazo hatujawahi kuziona, na akamshuku fundi aliyejenga kwamba alipunja saruji. Mizani ilihamia saluni kwangu, chini ya meza, imefunikwa taulo. Katoni ya masharti mama aliibandua yeye mwenyewe, akaandika upya kwa mwandiko wake wa ubaoni, na sharti moja likawa jipya: ikiuma, sema. Bosi alikondeshwa kidogo na maisha, akawa anamsindikiza mama hadi geti la shule kila asubuhi akinusa mkoba, na mama anamwambia, "Pole, rafiki yangu, hilo duka limefungwa."

Mwezi wa tisa baada ya upasuaji, asubuhi moja, mama alikuwa anatoka. Nikatazama kiwiko. Sikupenda, lakini jicho lilienda lenyewe. Kiwiko cha kushoto kilikuwa mbali na mbavu, mkoba umekazwa.

Baba naye aliona. Alikuwa amekaa anafunga kamba za viatu, na vidole vikasimama. Mkono wake ulinyanyuka kidogo kutoka kwenye kiatu, ukaning'inia hewani, ukarudi kwenye kamba.

"Siku njema, mama," akasema.

"Na kwako, mzee."

Mlango ukafungwa. Baba alifunga kamba ile ile mara tatu. "Mle ndani mna nini?" akaniuliza.

"Sijui."

Sikuwa najua, na niseme ukweli, nilikwenda saluni karibu mbio. Mama alikuwa ameshafika, amekaa kwenye kiti cha wateja. Ilikuwa Jumamosi yetu ya nywele, mimi nimesahau kabisa. Akafungua mkoba, akatoa kopo dogo lenye kuku aliyechambuliwa vipande vyembamba. Kuku, chakula ambacho hakuwa amekigusa tangu siku ya bafuni.

"Nyumbani nimeogopa kumjaribu," akasema. "Nikishindwa, baba yako atasikia. Nikasema nije kwako. Geuka."

Nikageuka, nikapanga vibanio ambavyo vilikuwa vimeshapangwa. Nilimsikia anatafuna. Alitafuna muda mrefu sana, na fundi matairi huko nje akapiga nyundo yake, na redio ikaimba, na mama akameza. Kisha akachukua kipande cha pili.

Baadaye nikamchana. Pembeni ya uso, kuzunguka masikio, nywele fupi changa zilikuwa zimesimama, hazitaki kulala hata kwa mafuta. Nilichana kichwa kizima, polepole, kutoka kisogoni hadi kwenye paji.

Jioni nilimkuta baba mezani, sare bado iko mwilini. Alinitazama nikiingia. Aliulizia mvua. Aliulizia wateja. Mama alikuwa chumbani anabadilisha nguo, tunamsikia anaimba nyimbo za chekechea. Baba alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, na swali lilikuwa limemjaa usoni, na hakuliuliza.

Sikumwambia neno. Nilifungua mkoba wangu, nikatoa kitana kile nilichomchania mama asubuhi, ambacho sikukipangusa makusudi, nikakiweka mbele yake.

Alikichukua. Alikigeuza huku na huku, akapitisha ukucha kati ya meno ya kitana, jino kwa jino, asikute hata unywele mmoja. Akasimama akaenda dirishani penye mwanga, akakiinua juu, akakitazama kwa muda kuliko alivyowahi kuitazama soksi ya mtu yeyote.

"Safi," akasema, akaenda kuvua filimbi shingoni.